Triga ya Kuku Mzee

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na moja. Hapana, nasema uongo. Mwaka wa kumi na moja ndio mto ulipopanda hadi ngazi za kanisa, na mimi nikakaa siku nne ndani ya gari langu juu ya kilima nikila biskuti na sadini. Huu ninaousema ni mwaka uliofuata, wa ukame, ng'ombe walipouzwa kabla ya wakati na ardhi ya Arkansas ikapasuka kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta. Kumi na mbili, basi. Nina hakika, kwa sababu Bi Arvella Pruitt alifika mezani kwangu akijipepea kwa bahasha, na neno lake la kwanza halikuwa salamu.

"Wewe mnoa visu, hiyo mizani ya kupimia nini?"

"Samaki, Bi Arvella. Kambare."

"Itaweza kupima kidole?"

Kazi yangu ni kunoa visu. Kila Jumamosi naweka meza kwenye maonyesho ya bunduki, wiki hii mji huu, wiki ijayo mji ule, kwenye yale mabanda ya sherehe za wakulima wanakoshindanisha ndama na jamu. Kila mwenye bunduki ana kisu, na kila mwenye kisu hujidai anajua kunoa, ndiyo maana sijawahi kukosa kazi. Mizani yangu ya springi, yenye ndoano chini na mshale ubavuni, huning'inia kwenye mguu wa meza tu, maana nikipita penye mto sipiti bure.

Bi Arvella nilimjua kwa mbali. Mjane, miaka sitini na saba, mfupi, mkavu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine. Miaka ishirini na sita alisimama kwenye mkanda wa kiwanda cha kuku akitoa mifupa: paja linapita, anakata kiungo, linalofuata linapita, anakata. Aliyefanya kazi ile hahitaji kukuambia. Mikono husema yenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimepinda na kuvimba vifundo kama tangawizi.

Akavuta ndoo yangu ya maji ya kunolea, akaigeuza, akaikalia, akanieleza shida yake kana kwamba mimi ndiye karani wa serikali.

Mwezi wa Machi, mchana kweupe, alitoka bustanini na kapu la mboga, akaingia jikoni kwake. Mlango umepigwa teke, fremu imepasuka, na kijana mmoja amesimama katikati ya jiko na msumeno wa injini wa marehemu mumewe, Elwood, mkononi.

"Hakunipiga," akasema. "Angenipiga ningejua nimepigwa. Alinisogeza. Aliniwekea kiganja hapa begani, akanisogeza, kama mtu anavyosogeza kiti apite. Kisha akapita."

"Pole sana, bi mkubwa."

"Pole weka. Sasa Royce anataka kunihamisha."

Royce ni mwanawe wa pekee, fundi wa nyaya za umeme, mwindaji hodari kuliko wote wa kata ile. Nyuma ya nyumba yake mjini aliweka nyumba ya magurudumu, akajenga na bafu lenye vishikio ukutani, akamwambia mama yake pako tayari. Bi Arvella akakataa. Wakabishana wiki tatu, mwisho wakapeana neno: kabla ya msimu wa kulungu kufunguka, mama asome darasa la kibali cha kubeba bastola, apige shabaha mbele ya mwalimu, apasi. Akipasi, anabaki kwake na Royce hatataja tena magurudumu. Akishindwa, anafungasha. Na huyu ni mwanamke ambaye akishatoa neno halirudi, hata limkate.

Nikauliza swali la kijinga. "Na ile bunduki ya Elwood ya marisau? Hiyo haichagui mpigaji."

"Huyo mwizi hakunikuta kitandani, Hobart. Alinikuta na kapu. Nibebe bunduki ndefu bega hili na kapu bega lile? Nataka kitu cha kukaa kwenye aproni, nisichohitaji kukikimbilia."

Kisha akafungua mkoba, akanionyesha zawadi aliyonunuliwa na Royce. Revolva ya pua fupi, ndogo kama chura, nyepesi, mpini wa zambarau.

Hapo nikaelewa. Hilo ndilo kosa letu wanaume wa kwetu, na mimi siko nje yake. Tunadhani bastola ni kama kiatu: mtu mdogo, kiatu kidogo. Kila mume, kila mwana, kila muuzaji, akija mwanamke dukani tunamsukumia ile nyepesi yenye rangi ya pipi. Hatusemi kwamba ndogo ndiyo inayoruka vibaya mkononi, na kwamba triga yake, kile kiulimi cha chuma unachokivuta kwa kidole, ndiyo ngumu kupita zote.

"Naivuta kwa kidole kimoja haitoki," akasema. "Naivuta kwa viwili inatoka, lakini nimelenga kopo nimepiga mti wa jirani. Royce anasema nifanye mazoezi. Nataka nijue ni mimi au ni yenyewe. Niazime mizani."

Palepale haikuwezekana. Mlangoni mwa maonyesho wanapitisha ukanda wa plastiki ndani ya kila bastola na kuufunga, isije mtu akafanya ajali, kwa hiyo triga haivutiki. Bi Arvella aliliona hilo kuwa wazimu mtupu. Alikwenda meza hadi meza akiwauliza wauzaji, nami namsikia toka kwangu.

"Bastola unaichagua kwa jinsi inavyokaa mkononi, mama yangu," mmoja akamwambia.

"Na wewe mkeo ulimchagua kwa jinsi alivyokaa kwenye kiti?"

Watu wakacheka hadi yule bwana akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Jumatatu tukaenda dukani kwa Gaylon Beavers, mtu mnene mwenye moyo mzuri na mdomo mrefu, ambaye baba yake aliuza bunduki dirisha lile lile. Nilikuwa na visu vyake vya kurudisha, kwa hiyo sikuwa nimejipachika. Gaylon akatandika kitambaa juu ya kaunta, akaweka ile ya zambarau na nyingine tano ndogo zilizofunguliwa matumbo, zote tupu.

Kwetu huichukui bastola ya mtu ukaanza kuivuta triga ovyo. Unaipokea, unatazama kama tupu hata kama mwenyewe ameshatazama mbele ya macho yako, kisha unauliza, "Utaniruhusu niifyatue tupu?" Asiyeuliza huonekana hana malezi, sawa na mgeni anayefunua sufuria jikoni. Bi Arvella aliuliza mara tano kwa bastola tano za Gaylon, na Gaylon akajibu mara tano, "Karibu, Bi Arvella," akimwelekeza kwenye ukuta wa mchanga uliowekwa kwa kazi hiyo.

Ile ya zambarau ndiyo ilianza. Nikaishika kwa nguvu, yeye akapitisha ndoano ya mizani kwenye triga, akavuta polepole. Mshale ukapita ratili kumi, kumi na moja, ukafika kumi na mbili na ushee ndipo nyundo ikaanguka.

"Na yenyewe bastola ina uzito gani?" akauliza.

Tukaitundika. Haikufika ratili moja.

Akautazama mshale. "Kwa hiyo navuta ratili kumi na mbili kwenye kitu cha ratili moja. Halafu nyinyi mnashangaa kwa nini kinanitoroka." Akaisogeza mwisho wa kitambaa. "Si mimi, basi. Ni yenyewe. Hii ni kuku mzee."

"Kuku gani tena?" Gaylon akauliza.

"Tetea aliyetaga miaka sita ndipo akachinjwa. Kisu unaingiza, unasukuma, kinateleza, unasukuma, na mwisho unavunjika mfupa badala ya kiungo kuachia. Siku ya kuku wazee tulikuwa tunalia kwenye mkanda ule."

Gaylon akanikonyeza. "Bi Arvella, unachagua bastola au unachagua supu?"

"Nachagua kitu cha kuwanyamazisha watu waongeaji. Leta ya pili."

Akafumba macho. Kuanzia hapo hakuitazama hata moja. Anapokea, anauliza ruhusa, anaweka ncha ya kidole, anavuta kama anayesikiliza mlangoni.

Ya pili ilikuwa bapa, ya kisasa, ya kuingia mfukoni. Mizani ikasema ratili sita. Gaylon akachangamka, akidhani wamefika. Bi Arvella akatikisa kichwa. "Huu ni utumbo. Unavuta, unavuta, hujui mwisho uko wapi. Nikifika mwisho mwizi ameshafika Missouri."

Ya tatu: "Hii ina mchanga kwenye firigisi. Sikia. Krr, krr." Nikaijaribu. Kweli, kidole kilihisi kama kinaburuta gunia sakafuni.

Ya nne ilikuwa nyepesi mno, iliyochezewa na fundi. Aliigusa tu, tak. Akairudisha haraka. "Kifaranga. Haina kiungo kabisa. Niweke hii kwenye aproni nijitoboe mguu nikitafuta leso? Mwekee mtoto wa mjini anayependa kujionyesha."

Ya tano hakuipenda na hakusema kwa nini. Wakati huo Royce akaingia, muda wake wa chakula, buti za kazi na kofia ya plastiki kwapani. Akaona zawadi yake imetupwa pembeni.

"Mama, hiyo ndiyo wanayobeba wanawake wote."

"Wanawake wote hawakutoa mifupa miaka ishirini na sita."

"Ningekununulia nyingine. Ungesema tu."

"Nasema sasa. Nyamaza kidogo, mwanangu, nasikiliza."

Ya sita ilikuwa imekaa peke yake, na nadhani Gaylon aliiweka ili zitimie sita. Ya zamani, ya risasi za tatu-themanini, rangi imechunika kingo zote, mpini una mkwaruzo. Ilibebwa na mtu miaka na miaka, kisha mtu yule akafa, wajukuu wakaileta. Bi Arvella akaweka kidole. Akavuta. Akarudia. Mara ya tatu akafanya tabasamu dogo sana, la upande mmoja.

"Pima," akaniambia.

Ratili sita. Sawasawa na ule utumbo wa mfukoni.

"Uzito ule ule!" Royce akasema. "Na ile ya pili ni mpya."

"Mizani inapima uzito, haipimi safari. Lete kidole chako hapa." Akakishika kidole cha mwanawe, kidole kikubwa cha mtu wa nyaya, akakiweka kwenye triga kama anavyofundishwa mtoto kuandika. "Inasogea kidogo. Sasa imesimama. Umehisi? Inakuambia, ni hapa. Ukiongeza kidogo tu... imeachia. Hicho ndicho kiungo. Kuku wa wiki saba, paja la kushoto. Kuna mtu alishakula ugumu wote wa hii bastola kabla yangu, Mungu amrehemu."

Royce akavuta tena mwenyewe. Sikumsikia akibisha. Gaylon naye akazunguka kaunta akaja kuvuta, bastola iliyolala dukani kwake mwaka mzima, akasema, "Ala!"

Kulikuwa na shida moja: kifuniko cha juu, kile kinachorudishwa nyuma ili risasi iingie. Alivuta, akavuta, vidole vikateleza. Uso ukamwiva. Royce akanyoosha mkono amsaidie, na yeye akampiga kofi la mkono ule. Kisha akaibana bastola karibu na kiuno, mdomo ukielekea ukuta wa mchanga, akakishika kifuniko kwa kiganja kizima cha kushoto, na badala ya kukivuta akaisukuma bastola mbele kwa mkono wa kulia, kwa bega na uzito wote, kama mtu anayesukuma mlango wa zizi. Ikafunguka.

"Usivute," akasema akihema. "Sukuma."

Wakabadilishana na Gaylon, ya zambarau kwa iliyochunika, mtu asiongeze kitu. Gaylon akasema anajiona mwizi. Bi Arvella akamwambia ajione tu.

Kutoka Agosti hadi Oktoba nilipita kwake mara nne, njia yangu ikipinda kuelekea huko kwa sababu zake zenyewe, na kwa sababu ya pai zake za tufaha za kukaanga. Kila nikifika namkuta kwenye utaratibu ule ule. Asubuhi baada ya kahawa, anaweka mkono wa kulia kwenye bakuli la maji moto yenye chumvi. Risasi zote ziko sebuleni ndani ya kopo la unga, bastola iko jikoni, na mlango wa katikati umefungwa. Vitu viwili hivyo havikukaa chumba kimoja wakati wa mazoezi hata siku moja. Anaipekua bastola mara mbili. Juu ya pua ya bastola anaweka kifungo cha shati la Elwood. Kisha analenga msumari ukutani na kuvuta triga bila kifungo kuanguka. Mara arobaini. Kikianguka, anaanza kuhesabu upya.

Fremu ya mlango ilikuwa na ubao mpya ambao haukupakwa rangi. Nikamuuliza kwa nini.

"Ukipakwa rangi nitasahau. Nitaupaka nikipasi."

Septemba mkono ukafura. Daktari akasema apumzishe wiki tatu, na kidole cha shahada kilikuwa kinakufa ganzi, anakibana kwa meno hasikii. Nilikuwepo Royce alipokuja na futi ya kupimia, apime kabati na kitanda kama vitaingia kwenye ile nyumba ya magurudumu. Hakuja kwa ubaya. Alipima huku anaona haya, akatoa kalamu aandike ukutani.

"Pima, mwanangu," Bi Arvella akamwambia toka kwenye kiti, mkono kwenye bakuli. "Lakini andika kwa penseli."

Royce akasimama na kalamu yake. "Mama, hakuna aibu. Ulikata kuku ukanisomesha. Sasa ni zamu yangu."

"Zamu yako itafika. Haijafika."

"Na yule kijana akirudi?"

"Atanikuta nyumbani. Hilo ndilo ninalolitaka mimi: kukutwa nyumbani kwangu."

Royce akatoka kwenda kuvuta hewa. Nikamfuata na kikombe. Akasema bila kunitazama, "Mzee Hobart, naota amesogezwa tena. Kila mara. Mimi niko mlangoni na miguu haiendi." Nikampa kahawa.

Baada ya wiki tatu Bi Arvella akaanza upya, mara kumi, mara ishirini. Kidole cha shahada kikifa ganzi anahamia cha kati. "Hiki hakikukata sana," akaniambia, "hiki kilikuwa cha kushikilia tu. Bado kina akili."

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba tulikwenda kwa Coy Whitlow. Huyu alikuwa mlinzi wa gereza, amestaafu, mrefu kama nguzo, anafundishia ndani ya shimo la zamani la changarawe. Serikali ina sheria zake. Whitlow ana zake pia, na alizisema wazi kabla ya kuanza: risasi ishirini na tano, kivuli cheusi cha mtu kwenye karatasi, kumi na nane ziwe ndani ya weusi. Kumi na saba, haweki sahihi. Alishamkatalia shemeji yake mwenyewe, na Sikukuu ya Shukurani mwaka ule walikula meza mbalimbali.

Wanafunzi walikuwa sita. Royce alikuwa mmojawapo, kwani kibali chake kilikuwa kimekwisha muda, na alisimama mstari wa kuume kwa mama yake. Mimi nilikaa nyuma kwenye ndoo, natakiwa kunoa visu vya mashine ya nyasi ya Whitlow, lakini sikunoa kitu. Kulikuwa na mawingu, baridi kidogo, ya kwanza baada ya ule mwaka wa moto.

"Bi Arvella, uko tayari?"

"Nimekuwa tayari tangu Machi, bwana."

Wakaanza. Alikuwa hana haraka. Wengine wanatatarika kama bisi, yeye anavuta, inaachia, anashusha pumzi, anavuta. Nilikuwa nahesabu midomo ikichezacheza. Kumi za kwanza nadhani zilikuwa nzuri. Ya kumi na sita nikaona anatikisa mkono. Ya kumi na tisa akashusha bastola mezani, akafungua na kufunga kiganja, akakitazama kidole cha shahada kama anavyotazamwa mfanyakazi aliyelala. Whitlow akasogea. "Unaweza kuacha hapa, Bi Arvella. Utarudi mwakani."

"Mwakani nitakuwa naishi kwenye magurudumu. Simama nyuma ya mstari wako, Coy."

Akakirudisha kidole kile kile. Mbili zikapita, sikuona zilikokwenda. Akahamia cha kati. Nne za mwisho alizipiga kwa kidole cha kati, mgongo umenyooka, midomo imebanwa, na baada ya kila moja nasikia sauti yake ikisema chini chini, "Kiungo. Kiungo."

Royce alikuwa bado anapiga. Huyu, ambaye kwa kawaida humaliza wa kwanza, alimaliza pamoja naye.

Bastola zikafunguliwa, zikalazwa mezani, tukaenda kwenye karatasi. Zile zilizopita pembeni zilimezwa na changarawe, hazikuacha habari. Whitlow alihesabu ya Bi Arvella kwa kugusa kila tundu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu mara ya pili. Kuna tundu moja juu, karibu na bega la kile kivuli, alilisimamia kidogo.

"Kumi na nane," akasema.

Bi Arvella hakupiga kelele. Aliuliza, "Ndani ya weusi?"

"Ndani ya weusi. Kumi na nane."

Akaenda akaegemea gari langu, akageukia upande wa miti kwa muda.

Whitlow akahamia kwa Royce. Ishirini na nne. Watu wakaguna, kwa maana Royce Pruitt huangusha kindi mtini akimpiga kichwa ili nyama isiharibike.

"Umekosa moja wewe?" Whitlow akasema. "Umezeeka lini?"

"Jua liliniingia machoni," Royce akasema.

Tukatazama juu. Mawingu matupu.

Wasiojua watasema, si mngetazama matundu? Ya mama ilikuwa tatu-themanini, ya mwana ni ya milimita tisa. Lakini unene wa risasi zile ni mmoja. Tofauti ni urefu wa ganda na baruti iliyoko nyuma. Karatasi haikuambii tundu ni la nani. Whitlow akatia sahihi, kwa sababu sheria yake ilisema kumi na nane na karatasi ilisema kumi na nane.

Jioni ile Royce alikwenda mwenyewe kwa mama yake na kopo la rangi nyeupe, akaupaka ubao wa mlango. Maandishi yake ya ukutani, aliyoyaandika kwa penseli, aliyafuta kwa kipande cha mkate. Nyumba ya magurudumu akamuuzia mtu wa kuvua samaki, na bafu lake, na vishikio vyake.

Mimi nilidhani mambo yameishia hapo. Mwezi wa Aprili napita, namkuta Bi Arvella amevaa koti, mkoba begani.

"Nipeleke kwa Coy," akasema.

"Kibali si unacho?"

"Nipeleke."

Whitlow alikuwa anakata nyasi. Akazima mashine. Bi Arvella akamwambia anataka karatasi mpya, risasi ishirini na tano, kivuli kile kile, na mstari wa kuume uwe mtupu na wa kushoto uwe mtupu.

"Kwa nini, Bi Arvella? Ulishapasi."

"Ili nikinywa kahawa yangu niinywe jikoni kwangu."

Whitlow alinitazama, mimi nikatazama viatu. Akaweka karatasi. Bi Arvella akapiga peke yake ndani ya shimo lile kubwa, na kila mlio ulirudi toka ukutani ukiwa mpweke. Alianza na kidole cha kati moja kwa moja, hakupoteza wakati na yule mfanyakazi mlalaji. Ishirini na moja. Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka kwenye mkoba, akasema asante, na njia nzima akanieleza habari za nyanya.

Karatasi zile mbili alizibandika nyuma ya mlango wa jikoni, ile ya Oktoba na ile ya Aprili, ubavu kwa ubavu. Aliishi pale miaka saba zaidi. Bastola ilikaa kwenye aproni, na hakuna aliyemsogeza tena. Yule kijana hakurudi, au alirudi akaona moshi wa jikoni na mtu mwenye kapu, akaendelea na safari. Bi Arvella alifariki kitandani mwake, Februari, na dukani kwa Gaylon hadi leo mtu akivuta triga mbaya husema, hii ni kuku mzee, hata vijana ambao hawajawahi kushika kisu cha kuku.

Baada ya maziko nilimsaidia Royce kutoa vitu jikoni. Akaziteremsha karatasi zile mbili, akasimama nazo mwangani. Mawingu ya baridi, kama siku ile. Nilikuwa nimeliweka swali langu miaka saba, nikaona mwenye kudhurika nalo hayupo tena. Nikamuuliza, naye akazikunja karatasi, akaziweka ndani ya koti upande wa moyo, akaniuliza kama nadhani mvua itanyesha kabla ya Jumapili. Nimemuuliza mara mbili tangu hapo, mara moja mtoni na mara moja kwenye harusi ya binti yake, na kila mara ananisimulia habari za mvua.

Royce, mwanangu, ile ya ishirini na tano uliipeleka wapi?